Kasi ya AMD, Jina la Intel: Uchambuzi wa Kisa cha Ushindani wa Vichakataji, 1999 hadi 2009

Kati ya mwaka 1999 na 2006, soko la vichakataji vya kompyuta, yaani chipu zinazotekeleza amri za programu, lilikuwa na hali ambayo nadharia ya kawaida ya biashara isingetarajia idumu kwa muda mrefu namna ile. Kampuni ndogo, AMD, kwa vipindi virefu ilikuwa na bidhaa iliyoipita ya kampuni kubwa, Intel, kwa kasi ya kazi halisi, na mara nyingi bidhaa hiyo iliuzwa kwa bei nafuu zaidi. Hata hivyo, Intel iliendelea kushika si chini ya asilimia 70 ya soko la dunia la vichakataji vya jamii ya x86, yaani vile vinavyoendesha kompyuta nyingi za mezani, za mpakato na seva. Uchambuzi huu unakifuata kisa hicho tangu AMD ilipotoa kichakataji chake cha Athlon hadi kampuni hizo mbili zilipopatana nje ya mahakama mwezi Novemba 2009, na unauliza swali moja: ikiwa bidhaa ilikuwa bora na nafuu, kwa nini haikulichukua soko?

Jibu ninalolitetea ni kwamba kasi, bei na jina havikuwa vigezo vitatu vinavyosimama kila kimoja peke yake. Mnunuzi aliyeamua hatima ya AMD hakuwa mtu anayeketi mbele ya kompyuta. Alikuwa kampuni inayoziunda na kuziuza kwa maelfu na mamilioni. Kwa kampuni hiyo, bei ya chipu moja haikuwa na maana mpaka ihesabiwe pamoja na masharti ya mzigo wote wa mwaka, na masharti hayo yalikuwa mikononi mwa yule ambaye tayari alikuwa na jina kubwa na viwanda vingi.

Chimbuko la uhusiano

Intel ilianzishwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore, na AMD ikafuata mwaka 1969 chini ya Jerry Sanders na wenzake. Waanzilishi hawa wote walikuwa wametoka Fairchild Semiconductor. Kilichozifunga kampuni hizi pamoja ni kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981, iliyotumia kichakataji cha Intel 8088. IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja kwa sehemu muhimu kiasi hicho, na kwa mkataba wa mwaka 1982 AMD ikawa mtengenezaji wa pili wa vichakataji vya jamii hiyo. Intel ilipofikia kizazi cha 386 ikakataa kuikabidhi AMD michoro yake, na mgogoro uliofuata ulipita kwa msuluhishi kisha mahakamani kwa miaka kadhaa.

Tunda moja la enzi ile ya kesi linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndilo lililozaa nguvu ya jina. Mwaka 1991 mahakama ya Marekani iliamua kwamba tarakimu 386 haiwezi kuwa alama ya biashara ya Intel peke yake. Maana yake ni kwamba AMD iliweza kuuza Am386 yake huku mnunuzi akiisoma namba ileile aliyoizoea. Intel ilichukua hatua mbili. Kizazi cha tano hakikuitwa 586. Mwaka 1993 kilitoka kikiitwa Pentium, jina linaloweza kulindwa kisheria. Kabla ya hapo, mwaka uleule wa 1991, ilikuwa imeanzisha kampeni ya “Intel Inside”, ambayo kwa nje ilikuwa nembo ndogo juu ya kompyuta na kwa ndani ilikuwa mpango wa fedha: sehemu ya kile ambacho kampuni iliilipa Intel kwa vichakataji iliingia katika mfuko, na mfuko huo ulichangia gharama za matangazo ya kampuni hiyo endapo matangazo yangebeba nembo ya Intel.

Nausisitiza mpango huo kwa kuwa mara nyingi huelezwa kama werevu wa matangazo tu. Kwa kampuni inayounda kompyuta kwa faida ndogo sana, fedha ya matangazo inayorudishwa ni punguzo la bei kwa jina lingine. Jina la Intel lilijengwa kwa fedha zilizokuwa sehemu ya bei, na kila kompyuta iliyouzwa ikiwa na nembo ile iliongeza thamani ya jina ambalo mwakani lingemfanya mnunuzi aliulizie dukani. Hapa tayari mipaka kati ya bei na jina ilikuwa imeanza kufutika.

Mbio za gigahezi

Kabla ya 1999 AMD ilishindana kwa unafuu. K6 ya mwaka 1997 ilichomekwa katika bodi zilezile zilizotengenezwa kwa ajili ya Pentium na kuuzwa kwa bei ya chini, na Intel ilijibu mwaka 1998 kwa Celeron, bidhaa ya daraja la chini yenye jina lake tofauti, ili iweze kushusha bei bila kuligusa jina la Pentium. Celeron za kwanza zilikosa kabisa kumbukumbu ya kache ya ngazi ya pili, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa karibu na kichakataji, na zilikosolewa vikali kwa kufanya kazi polepole. Toleo lililofuata baadaye mwaka uleule, lenye kache ya kilobaiti 128 ndani ya chipu, lilirekebisha kasoro hiyo.

Athlon ilibadilisha mambo. Ilitangazwa mwezi Juni 1999, ikiwa imebuniwa na timu iliyoongozwa na Dirk Meyer, mhandisi aliyetoka katika kampuni ya Digital Equipment, na njia yake ya mawasiliano na sehemu nyingine za kompyuta ilichukuliwa kutoka katika vichakataji vya Alpha vya kampuni hiyo. Kwa mara ya kwanza AMD ilikuwa na bidhaa iliyoweza kusimama na bidhaa ya juu kabisa ya Intel na kuishinda, hasa katika hesabu za desimali ambazo vichakataji vyake vya awali vilikuwa dhaifu. Tarehe 6 Machi 2000 AMD ilitoa Athlon ya gigahezi 1, yaani yenye saa ya ndani inayopiga mara bilioni moja kwa sekunde. Intel ilitangaza Pentium III ya kasi hiyo siku mbili baadaye. Miezi michache mbele Intel ilijaribu kurudi mbele kwa Pentium III ya gigahezi 1.13, ikalazimika kuirudisha kutoka sokoni mwezi Agosti kwa sababu haikuwa tulivu katika kazi.

Hapo ndipo Intel ilipoingia na Pentium 4, mwezi Novemba 2000, ikianza na gigahezi 1.4 na 1.5. Kuielewa bidhaa hii ni kuelewa kiini cha mzozo wa kasi. Kichakataji hugawanya kila amri katika hatua zinazofuatana, na hatua zikiwa ndogo na nyingi, saa ya kichakataji inaweza kupiga haraka zaidi. Pentium III ilikuwa na hatua zipatazo 10. Pentium 4 ilikuwa na 20. Gharama yake ni kwamba kichakataji kinapokisia vibaya njia ambayo programu itafuata, kazi yote iliyomo ndani ya hatua hizo hutupwa na kuanza upya, na kila pigo la saa hutimiza kazi ndogo zaidi. Ni sawa na watu wawili wanaotembea, mmoja kwa hatua fupi za haraka na mwingine kwa hatua ndefu za polepole: kuhesabu hatua za kila mmoja kwa dakika hakutuambii nani atatangulia kufika. Pentium 4 za mwanzo, katika programu nyingi, zilipitwa na Athlon zenye gigahezi pungufu, na hata Pentium III ya gigahezi 1 iliweza kuzipita katika baadhi ya kazi. Juu ya hayo, kwa miezi ya mwanzo zilihitaji kumbukumbu ya aina ya RDRAM, iliyokuwa ghali kuliko ile ya kawaida, kiasi kwamba bei ya kichakataji peke yake haikuonyesha bei ya mashine nzima.

Lakini gigahezi ndiyo iliyoandikwa juu ya boksi. Mnunuzi asiye mtaalamu alihitaji namba moja ya kulinganishia, na kwa miaka mingi watengenezaji wote wawili walikuwa wamemfundisha kwamba namba hiyo ni kasi ya saa. AMD ilijibu mwezi Oktoba 2001 kwa kuacha kutumia gigahezi kama jina. Athlon XP 1800+ ilipiga saa kwa gigahezi 1.53. AMD ilieleza rasmi kwamba namba 1800 inalinganisha bidhaa hiyo na kizazi chake cha Athlon kilichotangulia. Kila aliyekuwa dukani aliisoma kama jibu kwa Pentium 4 ya gigahezi 1.8, na vipimo vya kujitegemea vilionyesha kwamba kwa wakati ule madai hayo yalistahili. Nadhani ilikuwa hatua ya haki kihandisi na dhaifu kibiashara, kwa sababu ilimtaka mnunuzi aiamini AMD kuhusu namba ambayo AMD yenyewe iliipanga, wakati gigahezi za Intel ni kitu kinachopimika ingawa hakipimi kile mnunuzi alichokihitaji.

Njia ya Intel ilifika ukingoni mwaka 2004. Toleo la Pentium 4 lililoitwa Prescott, la mwezi Februari mwaka huo, lilikuwa na hatua 31 na lilitoa joto jingi kuliko ilivyotarajiwa kwa mabadiliko yale ya teknolojia ya utengenezaji. Mwezi Mei Intel ilifuta mradi wa kizazi kilichopangwa kufuata, na mwezi Oktoba ikaachana na mpango wa kufikia gigahezi 4. Mkuu wake, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya mkutano wa wataalamu wa teknolojia ya habari akiomba radhi kwa hilo. Mwaka huohuo Intel nayo ilianza kuvipa vichakataji vyake namba za mfano badala ya gigahezi. Ilikuwa na sababu ya ndani ya kufanya hivyo: Pentium M, iliyotoka mwaka 2003 kwa ajili ya kompyuta mpakato na kubuniwa na timu yake ya Haifa, Israeli, ilifanya kazi nyingi kwa gigahezi chache, na isingewezekana kuiuza vizuri huku kampuni ileile ikihubiri kwamba gigahezi ndiyo kila kitu. Kwa upande wa mpakato, hata hivyo, jina liliokoa jahazi. Pentium M iliuzwa ndani ya chapa ya Centrino, na kompyuta haikuruhusiwa kubeba chapa hiyo isipokuwa kama kichakataji, chipu zinazokizunguka na kifaa cha intaneti isiyo na waya vyote vilitoka Intel. Hivyo chapa moja iliuza vitu vitatu kwa pamoja na kumfungia mshindani anayetengeneza kimoja tu.

Upande wa seva, AMD ilikuwa mbele kwa namna ambayo haikuhitaji namba za kufasiriwa. Opteron, ya mwezi Aprili 2003, iliongeza uwezo wa biti 64, unaoruhusu kushughulikia namba kubwa na kumbukumbu kubwa zaidi, juu ya x86 bila kuzivunja programu za biti 32 zilizokuwepo, wakati Intel, ikishirikiana na Hewlett-Packard, ilikuwa imeweka matumaini ya biti 64 katika Itanium, bidhaa iliyotaka programu ziandikwe upya. Opteron pia ilikuwa na kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya chipu yenyewe, jambo lililopunguza muda wa kusubiri data. Athlon 64 ikafuata mwezi Septemba kwa kompyuta za mezani. Mwaka 2004 Intel iliingiza amri za biti 64 zinazooana na za AMD katika vichakataji vyake, na hadi leo kompyuta za x86 za kampuni zote mbili zinaendeshwa kwa mfumo huo ambao AMD iliubuni. Kampuni ndogo ilikuwa imeandika kanuni, na kampuni kubwa ikaifuata.

Hesabu ya mnunuzi mkubwa

Ikiwa hali ya kiufundi ilikuwa hivyo, tungetarajia kuona kampuni zinazounda kompyuta zikihamia AMD kwa wingi. Baadhi zilifanya hivyo kwa sehemu. IBM, Sun na Hewlett-Packard ziliuza seva za Opteron. Dell, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za kompyuta duniani, haikuuza mashine hata moja yenye kichakataji cha AMD mpaka mwaka 2006. Kulielewa jambo hili kunahitaji kuacha maabara na kukaa na karatasi ya hesabu ya mnunuzi.

Chukulia kampuni ya kubuni tu inayohitaji vichakataji 1,000 kwa robo mwaka. Muuzaji mkubwa anaiuzia kila kimoja kwa dola 100, na anaahidi punguzo la dola 10 kwa kila kichakataji, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, mradi asilimia 95 ya mahitaji ya kampuni hiyo yatoke kwake. Ikinunua vyote kwake, italipa dola 90,000. Sasa tuseme mshindani anataka apewe nafasi ya vichakataji 200. Kampuni ikikubali, itanunua 800 kwa muuzaji mkubwa bila punguzo, kwa dola 80,000, na kwa hiyo vile 200 vya mshindani visizidi dola 10,000 kwa jumla, yaani dola 50 kila kimoja, ili isiingie hasara. Mshindani analazimika kuuza kwa nusu ya bei si kwa sababu bidhaa yake ni duni, bali kwa sababu anafidia punguzo linalopotea kwenye bidhaa ambazo hata hajaziuza yeye. Akiomba nafasi ndogo zaidi, hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa vichakataji 100, kampuni italipa dola 90,000 kwa vile 900 vilivyobaki, kiasi kilekile ilichokuwa ikilipa kwa vyote 1,000. Mshindani atalazimika kutoa vyake bure. Kwa vichakataji 60, hata bure haitoshi, na itabidi aongeze dola 4,000 juu yake.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini una jirani yake katika kumbukumbu za kesi. Mwaka 2002 AMD iliahidi kuipa Hewlett-Packard vichakataji milioni moja bure, na kampuni hiyo ilichukua 160,000 tu. Mtu anayeangalia bei ya chipu moja hawezi kulielewa tukio hilo. Anayeangalia punguzo la mzigo mzima anaona kwamba kila kichakataji cha bure kilikuwa na gharama iliyofichika mahali pengine.

Tume ya Ulaya, katika uamuzi wake wa tarehe 13 Mei 2009, ilieleza masharti hayo kampuni kwa kampuni. Iligundua kwamba punguzo kwa Dell, kuanzia Desemba 2002 hadi Desemba 2005, lilitegemea Dell kununua vichakataji vya x86 kwa Intel peke yake. Kwa Hewlett-Packard, sharti lilikuwa asilimia 95 ya kompyuta za mezani za ofisini. Kwa NEC, asilimia 80. Iligundua pia malipo kwa Media Saturn, mtandao mkubwa wa Kijerumani wa maduka ya vifaa vya elektroniki, ili uuze kompyuta za Intel pekee. Zaidi ya punguzo, Tume ilitaja malipo ya aina nyingine ambayo naona ni mazito zaidi kimaadili: fedha zilizotolewa ili bidhaa fulani ya mshindani icheleweshwe au izuiwe. Hewlett-Packard iliwekewa masharti kwamba kompyuta zake za mezani za AMD ziuzwe kwa biashara ndogo na za kati badala ya mashirika makubwa, zisipitie kwa wauzaji wa kati, na kutolewa kwake barani Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika kucheleweshwe kwa miezi sita. Acer na Lenovo nazo zilichelewesha kompyuta mpakato zenye vichakataji vya AMD. Intel ilizikana tuhuma hizi wakati wote, ikisema kwamba punguzo la bei ni ushindani halali unaomnufaisha mnunuzi.

Ukubwa wa fedha hizi kwa upande wa aliyezipokea ulidhihirika Marekani. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya nchi hiyo iliishtaki Dell mwaka 2010 kwa kutowaeleza wawekezaji wake chanzo cha faida yake, na Dell ikakubali kulipa dola milioni 100 bila kukiri wala kukana. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, malipo ya Intel yaliyohusiana na kutomnunulia mshindani yalifikia asilimia 10 ya faida ya uendeshaji ya Dell katika mwaka wake wa fedha wa 2003, asilimia 38 katika ule wa 2006, na kilele cha asilimia 76 katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha wa 2007. Kampuni ambayo robo tatu ya faida yake inatoka kwa muuzaji mmoja haifanyi tena uamuzi wa kiufundi inapochagua kichakataji. Dell ilipotangaza mwezi Mei 2006 kwamba itatumia AMD, malipo yale yakapunguzwa sana na faida yake ikashuka.

Upande wa AMD wenyewe

Haitakuwa haki kuubebesha mpango wa punguzo lawama yote. Hesabu niliyoionyesha hapo juu ina msingi mmoja: kwamba muuzaji mkubwa hawezi kukwepeka kwa sehemu kubwa ya mzigo. Hakukwepeka kwa sehemu kwa sababu ya jina, kwani wateja wa mashirika waliitaka Intel, na kwa sehemu kwa sababu AMD haikuwa na viwanda vya kutosha kumhudumia kila mtu. Kwa miaka mingi ya kipindi hiki vichakataji vyake vya juu vilitoka katika kiwanda kimoja mjini Dresden, Ujerumani, kilichotumia sahani za silikoni za kipenyo cha milimita 200. Intel ilikuwa na viwanda kadhaa na ilianza kutumia sahani za milimita 300 mwaka 2002; sahani hiyo ina eneo zaidi ya mara mbili, na kwa hiyo hutoa chipu nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa kazi. Kiwanda cha AMD cha sahani kubwa, hukohuko Dresden, kilifunguliwa mwaka 2005.

Mnunuzi mwenye mamilioni ya kompyuta za kuuza huliogopa tatizo la upungufu kuliko anavyoipenda tofauti ya asilimia kadhaa ya kasi. Meneja wa ununuzi aliyeikosesha kampuni yake shehena ya msimu wa sikukuu kwa sababu muuzaji mdogo alizidiwa hana utetezi wowote mbele ya wakuu wake. Kwa hiyo hata pasingekuwapo na masharti, AMD isingeweza kuruka kutoka chini ya robo ya soko hadi nusu yake kwa miaka miwili. Jambo linalofanya masharti yale yawe na uzito ni kwamba yaliinyima AMD mapato katika miaka ileile ambayo ilihitaji fedha za kujenga viwanda, na upungufu wa viwanda ukawa sababu ya wanunuzi kuendelea kuitegemea Intel. Huo ni mduara, na ni vigumu kwa mahakama au mchambuzi kukata kipande kimoja na kusema hapa ndipo kosa lilipoanzia.

Kisha mwezi Julai 2006 Intel ikatoa Core 2 Duo, iliyokuwa na asili yake katika kazi ya Haifa, na kuondoa kwa mkupuo uongozi wa AMD wa kasi na wa matumizi ya umeme katika kompyuta za mezani na mpakato. Siku zilezile bei zilishushwa kwa pande zote mbili: Intel ilizifyeka bei za Pentium D ili kumaliza akiba ya bidhaa za kizazi kilichopita, na AMD ikalazimika kuvishusha sana vichakataji vyake vya Athlon 64 vyenye kiini pacha, yaani sehemu mbili za kuchakata ndani ya kichakataji kimoja. Katika mwezi huohuo AMD ilitangaza kuinunua ATI, mtengenezaji wa chipu za michoro, kwa dola bilioni 5.4, uamuzi ambao kwa muda mrefu ulikuwa na mantiki lakini uliiacha kampuni na madeni wakati vita vya bei vilikuwa vimepamba moto. Bidhaa iliyotarajiwa kurudisha hadhi yake kwenye seva, Opteron yenye viini vinne, ilitoka mwezi Septemba 2007 ikiwa na hitilafu katika sehemu inayotafsiri anwani za kumbukumbu, na usambazaji wake mkubwa ulisubiri hadi mwaka uliofuata. Mwaka 2009 viwanda vya AMD vilitengwa na kuwa kampuni ya GlobalFoundries, kwa mtaji wa Abu Dhabi.

Sheria ilipofika

AMD ilikuwa imeifungulia Intel kesi katika jimbo la Delaware, Marekani, mwezi Juni 2005, miezi michache baada ya mamlaka ya ushindani ya Japani kuona kwamba Intel ilikiuka sheria ya nchi hiyo. Korea Kusini iliitoza Intel faini mwaka 2008, na Tume ya Ulaya ikaitoza euro bilioni 1.06 mwaka 2009. Mwezi Novemba mwaka huo Intel na AMD zilipatana: Intel ililipa dola bilioni 1.25 bila kukiri kosa, kampuni hizo zikaruhusiana kutumia hataza, na kesi kati yao zikafutwa.

Faini ya Ulaya ilikuwa na safari ndefu kuliko mzozo wenyewe. Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliithibitisha mwaka 2014. Mahakama ya Haki, iliyo juu yake, ilirudisha shauri mwaka 2017 ikitaka uchambuzi wa kiuchumi wa mapunguzo uchunguzwe kwa kina. Mwaka 2022 faini yote ikafutwa kwa sababu Tume haikuthibitisha ipasavyo kwamba mapunguzo yale yangeweza kumtoa sokoni mshindani mwenye ufanisi sawa. Sehemu ya malipo ya kuchelewesha bidhaa ilibaki imesimama, na mwaka 2023 Tume ikatoza upya euro milioni 376.36 kwa ajili yake. Mwezi Oktoba 2024 rufaa ya Tume kuhusu mapunguzo ilitupwa. Mtu anaweza kusoma matokeo hayo kama ushindi wa Intel, lakini mahakama haikusema kwamba mapunguzo hayakuwa na athari. Ilisema kwamba athari lazima ithibitishwe kwa hesabu za uhakika, kampuni kwa kampuni na kipindi kwa kipindi. Hesabu ya aina niliyoifanya kwa vichakataji 1,000 hutegemea sehemu ya mzigo ambayo mnunuzi angeweza kweli kuihamisha, na kiasi hicho, kikibadilishwa kidogo tu, hubadilisha jibu lote. Naona mahakama ilikuwa na haki kudai ushahidi huo, na naona pia kwamba sheria inayochukua miaka 15 kuamua haiwezi kuulinda ushindani katika tasnia ambamo bidhaa huzeeka kwa miaka miwili.

Jaribio bora la maelezo haya lilikuja baadaye, bila mahakama. Tarehe 2 Machi 2017, chini ya uongozi wa Lisa Su, AMD ilitoa Ryzen 7 1800X yenye viini vinane kwa dola 499, wakati kichakataji cha Intel chenye idadi hiyo ya viini kiliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mchanganyiko wa kasi na unafuu ulikuwa ule wa enzi ya Athlon, lakini mazingira yalikuwa mengine: mnunuzi mmoja mmoja na wauzaji wa mtandaoni walikuwa na uzito zaidi, kampuni kubwa za seva zilikuwa zikijinunulia vichakataji zenyewe kwa hesabu ya kazi kwa kila wati, na kuanzia mwaka 2019 viini vya vichakataji vipya vya AMD vilitengenezwa na TSMC ya Taiwan, kampuni inayotengeneza chipu zilizobuniwa na kampuni nyingine, ambayo teknolojia yake ya utengenezaji ilikuwa imefika mahali ambapo viwanda vya Intel vilichelewa kufika. AMD haikuhitaji tena kukijenga kiwanda kabla ya kukiuza kichakataji. Ilichohitaji ni nafasi katika ratiba ya TSMC, na nafasi hiyo iliigombania pamoja na kampuni kubwa kama Apple, ambazo hulipia uwezo wa kiwanda mapema na kwa wingi.